Chakula Shela, sinema darini: ipangeni siku kwa mwezi

Kabla ya kuchagua mkahawa, kabla hata ya kuchagua picha ya sinema, tazameni mwezi. Mimi na mume wangu tuna miaka 11 ya ndoa, na siku yetu ya kutoka wawili tunaiweka mwezi mosi au mwezi pili, yaani siku ya kwanza au ya pili kwa hesabu ya mwezi mwandamo (isipokuwa Ramadhani, bila shaka). Siku hizo maji ni ya bamvua, hujaa sana na kupwa sana. Huku Lamu maji ya bamvua hupwa mnamo saa 4 asubuhi na hujaa mnamo saa 10 alasiri. Basi asubuhi mtatoka mjini kwenda Shela, kijiji cha jirani, kwa miguu juu ya mchanga mgumu, na alasiri mtarudi kwa boti, bahari ikiwa tele. Mkichelewesha wiki moja mambo yanageuka, kwa kuwa kila siku maji husogea kwa dakika 50 hivi. Saa 4 hiyohiyo mtayakuta yamefika ukutani, viatu mkononi na buibui limelowa hadi magotini.

Mwezi 15 nao una bamvua. Tuliwahi kuujaribu. Matembezi yalikuwa mazuri, lakini usiku mbalamwezi ilimwagika darini, juu ya nyumba tunapotazamia sinema, hata sura za waigizaji hazikuonekana. Giza la mwezi mchanga ndilo sinema yenyewe.

Watoto wapelekeni kwa bibi yao tangu jana yake. Ukiwapeleka asubuhi ile, utakaa kunywa chai, utaulizwa habari, na maji hayakungoji.

Chakula kiagizeni kwa simu kabla ya saa 3. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu mwaka wetu wa kwanza tulifika mahali bila kuagiza tukakaa saa mbili kwa juisi tu. Samaki mwenyewe alikuwa hajanunuliwa. Samaki wa kupaka hataki haraka. Apasuliwe, apakwe kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ndimu, akae akolee. Achomwe kwa makaa. Kisha tui zito lililopikwa na ukwaju limpake upande huu na huu, tena na tena, mpaka ligande na kuanza kuungua pembeni. Mkiletewa samaki anayeogelea kwenye mchuzi mwepesi, huyo hakupakwa, kamwagiwa. Sisi huagiza changu mmoja mzima, wa kilo na nusu, tule sahani moja. Wali wa nazi, kachumbari, juisi ya ukwaju isiyojazwa sukari. Mume wangu ni fundi wa nakshi, vidole vyake vinajua kazi ndogondogo. Hunitolea minofu ya mashavuni, ile laini, akaniwekea upande wangu bila kusema neno. Kwa hiyo simu zizimwe. Ukiwa unatazama simu, jambo kama hilo linakupita.

Tokeni mjini saa 3 na nusu. Ni kilomita 3 hivi kufuata ufuo, robo tatu ya saa kwa mwendo wa kuzungumza. Mkifika mapema pandeni matuta ya mchanga nyuma ya Shela kabla jua halijawa kali. Mimi hupenda kukumbuka kwamba mchanga ule ndio unaochuja mvua, na maji ya visima tunayokunywa mjini yanatoka chini yake. Kisha Adhuhuri, na saa 7 mezani. Ikiwa ni Ijumaa, sogezeni mpaka saa 8.

Boti: ulizeni nauli kabla ya kupanda, na kusi likivuma mwe na kanga ya kujifunika rasharasha. Mkishuka gatini, bwana anunue kikuba, kile kishada kidogo cha maua ya kunukia. Asumini na mrehani za alasiri zitanukia hadi usiku. Halafu laleni kidogo.

Sasa darini. Projekta mnaweza kuazima kwa wanaoonyeshea mpira. Chajini kompyuta tangu asubuhi, maana umeme ukikatika kompyuta itawamalizia picha hata kwa kioo kidogo. Shuka jeupe lilitutesa: upepo unalivimbisha kama tanga, na mawe kwenye pindo hayasaidii. Siku hizi tunatumia ukuta wa chokaa ulio upande wa kusini. Ni mweupe, haupepei, na kusi likivuma unatukinga na upepo wenyewe. Spika iwe ndogo, iwekwe karibu yenu, sauti ya chini. Nyumba zetu zimegusana, na jirani ana haki ya usingizi wake. Picha ichaguliwe kwa zamu. Mwezi huu ni yangu, na mimi ni wa picha za Kihindi, za saa tatu, zenye nyimbo. Mwezi ujao atachagua yeye, nami nitatazama mpaka mwisho bila kunung'unika.

Tunawasha baada ya Isha, tusije tukaikatiza azana wala azana kutukatiza. Mkeka, mito miwili, bisi za chumvi, halua kidogo na kahawa chungu.

Picha ikiisha, kitu cha kwanza kuteremshwa ni projekta, kwa kuwa umande wa darini una chumvi na huharibu kioo. Mkeka unaweza kungoja asubuhi. Sisi huwa tunaurudia.