Geuza kanda ya VHS kuwa mchezo wa kukumbuka mpangilio

Simon, mchezo wa taa nne uliotolewa na Milton Bradley mwaka 1978, una kanuni moja: mashine inawasha taa, wewe unarudia, ukipatia, inaongeza moja. Hapa tunaujenga ndani ya gamba la kanda ya VHS, kila taa ikiwa rafu ya duka la kukodisha kanda: nyekundu mapigano, njano Kihindi, kijani vichekesho, bluu Kinaija, yaani filamu za Nigeria. Mashine ni mteja anayeagiza. Wewe unatoa kanda kwa mpangilio uleule.

Kanda kuukuu tafuta Owino, soko kubwa la Kampala, au ulizia kwenye vibanda vya video vilivyohamia DVD na flashi. Kabla ya kufungua, hakikisha si ya harusi wala kwanjula (sherehe ya utambulisho wa wachumba) ya mtu. Hiyo ipelekwe ikanakiliwe, isibomolewe.

Mengine: Arduino Nano (bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu) isiyochomelewa pini, LED (taa ndogo) nne, rizista nne za ohm 330, vitufe vinne, swichi, kasha la betri nne za AA na baza, kifaa cha kutoa mlio. Baza ndiyo inayowaponza wengi. Dukani, iguse na betri mbili za AA: ikitoa mlio mfululizo, irudishe, maana hiyo inajua noti moja tu. Unataka ile inayotoa “tik” kisha kunyamaza.

Legeza skrubu tano zilizo chini ya kanda, toa magurudumu, utepe na springi. Gamba lina milimita 187 kwa 103, unene 25, kwa hiyo nguzo za ndani zinazozuia betri zikatwe. Toboa kwanza kwa keekee ya milimita 3, kisha panua polepole. Plastiki hii hupasuka ukiilazimisha.

Unganisha LED kwenye pini za Arduino D2 hadi D5, kila moja na rizista yake, vitufe D6 hadi D9, mguu wa pili kwenye GND (pini ya hasi), baza D10. Kwenye programu, vitufe viwekee INPUT_PULLUP, inayotumia rizista ya ndani ya Arduino, havitahitaji rizista nyingine. Tumia betri za kuchaji: nne zinatoa volti 4.8, zipeleke kwenye pini ya 5V. Betri za kawaida nne ni volti 6, na chipu ya Arduino haitakiwi kuzidi 5.5. Pawabenki nazo nyingi hujizima, kwa kuwa mchezo unakula umeme kidogo mno.

Utamu wote uko kwenye muda. Taa iwake milisekunde 420 kwa hatua tano za kwanza, 320 hadi ya 13, kisha 220. Kati ya taa na taa acha kimya cha milisekunde 50. Bila kimya hicho, mteja akiagiza Kihindi mara mbili utasikia mlio mmoja mrefu, na mchezaji ataonewa. Kosa pacha liko kwenye kitufe: kikibonyezwa, subiri milisekunde 30, halafu subiri kiachiliwe, la sivyo mguso mmoja utahesabiwa mara tatu.

Usiite randomSeed, amri inayoanzisha bahati nasibu, mashine inapowashwa. Iite mchezaji anapobonyeza kitufe chochote kuanza mchezo, ukiipa micros(), yaani mikrosekunde zilizopita tangu kuwashwa, kwa sababu hakuna anayebonyeza kwa sekunde ileile kila siku. Ukiiacha, mpangilio utakuwa uleule kila ukiwasha, na watoto watakuwa wameukariri kabla ya jioni.

Sauti ziwe 262, 330, 392 na 523 Hz. Zinapatana kwa mpangilio wowote. Ralph Baer, mmoja wa wabunifu wa Simon, alichagua noti za baragumu kwa sababu hiyohiyo. Mchezaji akikosea, au akikaa sekunde 3 bila kubonyeza, shusha mlio kutoka 900 hadi 100 Hz kwa ngazi za 20, kila moja milisekunde 10: utasikia kanda ikirudishwa nyuma kwa kasi.

Stika chapisha Nasser Road, mtaa wa wachapishaji Kampala, mwisho kabisa, vitufe vikishakaa mahali pake. Jina la kila rafu liwe kwa herufi kubwa, maana wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na hao watacheza kwa sauti na maandishi.