Kuhamishia majaribio ya kusoma fikra za wenzetu katika Kihispania

Jaribio la aina hii, linalopima kama mtu anatambua wengine wanawaza au kuhisi nini, huharibika pale tafsiri inapomnong'oneza mshiriki jibu. Kihispania hunong'ona kwa jinsia na kwa vitenzi.

1. Pata ruhusa ya wenye jaribio, kisha amua ni Kihispania cha nani. Pena kwa Mmeksiko au Mkolombia mara nyingi ni aibu. Hispania ni huzuni. Katika hadithi za mtu aliyeteleza ulimi (amesema lisilofaa bila kukusudia, na mshiriki aligundue kosa), hapo jibu lenyewe hugeuka. Gololi ya Sally, msichana wa hadithi ambaye gololi yake huhamishwa bila yeye kujua, ni canica Meksiko, bolita Argentina.

2. Wafasiri wawili wa eneo hilo wafanye kazi kila mmoja peke yake, kisha wapatanishe. Mtu wa tatu, asiyeona matini asilia, aandike tafsiri rejea, yaani airudishe tafsiri katika lugha ya awali. Usiitegemee hiyo peke yake: preocupada ("mwenye wasiwasi", umbo la kike) itarudi Kiingereza bila dosari, na kosa la jinsia halitaonekana.

3. Jaribio la macho la mwanasaikolojia Baron-Cohen (toleo la 2001) lina picha 36 za macho ya watu, kila moja na maneno manne; mshiriki huchagua linaloeleza anachowaza au kuhisi mtu huyo. Vivumishi vyote vinne vifuate jinsia ya mtu pichani. Kimoja kikitofautiana, mshiriki anakiondoa kwa sarufi tu, na bahati yake inapanda kutoka 25% hadi 33%.

4. Katika hadithi za imani potofu (mhusika anaamini jambo lisilo kweli, kama Sally) tumia cree que, "anaamini kwamba". Se cree que hudokeza kwamba mhusika amekosea, na mtoto hufaulu kwa kusaidiwa na kitenzi. Shikilia kimoja hadithi zote.

5. Wape watu wachache wajibu huku wakieleza sababu kwa sauti, ndipo ufanye majaribio ya awali. Kigezo cha toleo la 2001 kinafaa: angalau 50% wachague neno sahihi, na kipotoshi chochote (neno lisilo sahihi) kisizidi 25%.

Swali: Mwalimu, wahusika waitane tú ("wewe" ya kawaida) au usted (ya heshima)?

Jibu: Fuata desturi ya eneo; Argentina ni vos badala ya tú. Angalia sana hadithi zisizo na kosa: mfanyakazi akimwita mkubwa wake tú mahali pasipozoeleka, umeshaingiza kosa ambalo hadithi haikuwa nalo.

Swali: Mshiriki asipolijua neno?

Jibu: Mpe faharasa yenye maana na mfano wa sentensi, kama ilivyo katika toleo asilia. Bila hiyo unapima msamiati.

Swali: Nikitafsiri kwa Kiswahili, niiruke hatua ya 3?

Jibu: Ndiyo, ndugu, vivumishi vyetu havina uke wala uume. Hatua ya 4 usiiruke: "anadhani" mara nyingi hudokeza kukosea kuliko "anaamini".