Ninavyonunua hati za Kiyahudi na kumbukumbu za michezo mnadani

Kabla ya bei, jifunze herufi. Hati nyingi za Kiyahudi hutajwa mwaka kwa Kiebrania, na herufi zao zina thamani ya namba: tav ni 400, resh 200, tsadi 90, vav 6. Ukizikuta hizo nne pamoja una 696, maana elfu tano kwa kawaida huachwa. Ongeza 1240, umefika 1936. Mwaka wao huanza Septemba au Oktoba, kwa hiyo miezi ya mwanzo inaangukia 1935. Hivyo ndivyo nilivyopata kadi ya uanachama wa Maccabi ya Lithuania, chama cha michezo cha Wayahudi, kwa dola 40: katalogi ilisema haina tarehe, na hakuna mwingine aliyehangaika kujumlisha.

Pili, chagua kipande kidogo ukijue kuliko mnadi mwenyewe. Yeye ana mafungu mamia ya kuuza kwa siku moja; wewe una moja unalolitaka. Mimi nimejikita kwa Hakoah ya Vienna, klabu ya Wayahudi ya soka iliyoanzishwa 1909, ikaichapa West Ham 5-0 kwao London mwaka 1923, ikawa bingwa wa Austria 1925, kisha ikafutwa 1938 Wanazi walipoichukua nchi. Béla Guttmann, huyo huyo aliyekuja kuifundisha Benfica ya Eusébio, aliichezea. Karatasi za klabu hiyo za kabla ya vita ni chache, na baada ya miaka kadhaa macho yanazoea wino wake, muhuri wake, hata ukubwa wa tiketi zake.

Macho hayo nayo huteleza. Niliwahi kulipa dola 310 kwa ratiba ya mechi ya ziara yao ya Marekani, 1926. Kifurushi kikafika, nikakiacha mezani wiki tatu nikisubiri siku tulivu ya kukifungua. Siku hiyo nikaimulika karatasi kwa taa ile ya kukagulia noti bandia, nayo ikawaka bluu kama shati jipya. Kemikali za kung'arisha karatasi zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia; karatasi ya 1926 haina sababu ya kuwaka. Masharti ya mnada yalitoa siku 14 za kulalamika. Ninayo mpaka leo, naitumia kulinganishia. Siku hizi naomba picha chini ya taa hiyo kabla ya mnada, na muuzaji anayekataa namwachia mali yake.

Kwenye saini usiuamini moyo wako. Sandy Koufax, mrushaji mpira Myahudi, alikataa kurusha mpira mechi ya kwanza ya fainali za besiboli za Marekani, Oktoba 6, 1965, kwa kuwa ilikuwa Yom Kippur, siku takatifu ya kufunga na toba. Mpira wenye saini yake hutafutwa sana, na kinachotafutwa hughushiwa. FBI walipovunja mtandao wa saini bandia za wanamichezo katika operesheni waliyoiita Bullpen, walikuta hata vyeti vya uhalisi vilighushiwa. Linganisha saini na nyingine za miaka ile ile, maana mkono wa mtu hubadilika. Mimi napenda zaidi saini iliyowekwa kikazi, kwenye hundi au mkataba, kuliko ile ya kumpa shabiki.

Hesabu ya kikomo ifanye kinyumenyume. Nina dola 300 tu, posta na bima ni 50, zimebaki 250. Ada ya mnunuzi, ile mnada unayoongeza juu ya bei ya nyundo, ikiwa asilimia 25, nagawa kwa 1.25: mkono wangu unashuka nyundo ikivuka 200. Naiandika namba hiyo kwenye karatasi. Kama kuna ushuru wa forodha, nao uingie humo humo.

Kuna vitu sivigusi hata vikiwa rahisi: daftari za jumuiya, ziitwazo pinkas, na kumbukumbu za vyama vya maziko. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilikamata hati na magombo 17 yaliyokuwa yakipigwa mnada Brooklyn, mali ya jumuiya za Romania, Hungary, Ukraine na Slovakia zilizoangamizwa. Jiulize ni nani angeweza kuuza kitu hicho kwa haki. Barua ya familia inaweza kuuzwa na mjukuu. Daftari la mji mzima halina mjukuu. Na kitu kilichotengenezwa kabla ya 1700, kikitoka Israel, kwa sheria yao ni mambo ya kale: dai kibali cha kukitoa nchini.

Kuhifadhi ni rahisi: mfuko wa poliesta, gizani, mbali na unyevu. Usiigandishe hati ndani ya plastiki kwa joto. Gundi ya utepe usiilete hata karibu.

Kisha geuza nyuma usome. Kadi yangu ya Maccabi ina jina la msichana, muogeleaji. Yad Vashem, taasisi ya Israel ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, wana hifadhi ya majina inayotafutika kwenye intaneti, na jina moja laweza kuwa limeandikwa Kilithuania, Kiyidi au Kiebrania. Nimemtafuta kwa tahajia zote tatu. Wiki hii najaribu kwa jina la baba yake, lililoandikwa kwa penseli pembeni.