Sentensi Moja ya Geneva: Namna ya Kufikisha Suala la Uhuru wa Habari kwa Wanadiplomasia

Mara ya kwanza nilipoingia ubalozini kuzungumzia uhuru wa vyombo vya habari nilibeba ripoti ya kurasa 40, imejalidiwa vizuri, jalada la rangi. Afisa wa siasa aliipokea kwa heshima, akaifungua katikati, akaifunga. Kisha akauliza: "Mnataka nchi yangu iseme nini?" Nilikuwa na malalamiko ya miaka mitatu na picha za kutosha, lakini sikuwa na sentensi ambayo mtu mwingine angeweza kusimama na kuisoma.

Mwongozo huu ni wa kuipata sentensi hiyo. Nawaandikia waandishi, klabu za waandishi za mikoani na asasi ndogo zinazotaka kuutumia UPR, yaani mapitio ambayo nchi zote 193 wanachama wa Umoja wa Mataifa hupitia kwa zamu huko Geneva kuhusu haki za binadamu, kila moja ikipewa mapendekezo na nchi nyingine. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi.

Hatua ya 1: Ijue saa kabla ya kuijua hoja

Zamu ya nchi hurudi kila baada ya miaka minne na nusu hadi mitano hivi. Tanzania ilipitiwa 2011, 2016 na 2021. Kenya 2010, 2015, 2020 na 2025. Kikao chenyewe ni saa tatu na nusu tu: dakika 70 za nchi inayohojiwa, dakika 140 za nchi nyingine zote zinazotaka kusema. Piga hesabu. Nchi 100 zikijiandikisha, kila moja inapata sekunde 84. Ndani ya hizo kuna salamu, pongezi, na mapendekezo mawili matatu juu ya mambo yote, kuanzia ndoa za utotoni hadi magereza. Habari zako zitapata sekunde 15, zikipata.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Taarifa ya asasi inatakiwa Geneva miezi sita hadi saba kabla ya kikao. Mazungumzo na balozi zilizopo nchini yaanze miezi minne kabla, kwa sababu afisa wa Dar es Salaam huandika, wizara ya kwao hupitisha, na ujumbe wao wa Geneva, yaani ofisi yao ya uwakilishi huko, husoma. Ukimtafuta wiki mbili kabla utapewa chai na kuagwa vizuri, maana karatasi imeshapita.

Hatua ya 2: Jenga daftari la matukio

Hapa ndipo kazi ilipo, usikimbie. Kwa kila tukio andika tarehe, mahali, alifanywa nini, na nani, kwa kifungu gani cha sheria, namba ya RB kama lilifika polisi (Kenya, namba ya OB), namba ya kesi kama lilifika mahakamani, na hali ilivyo leo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoangusha wengi. Sisi tuliwahi kuandika kwamba kesi ya mwandishi mmoja "bado inaendelea" kumbe mashtaka yalishafutwa miezi miwili nyuma. Afisa mmoja wa ubalozi aliulizia serikalini, akaonyeshwa amri ya mahakama. Matukio mengine kumi na moja yalikuwa sahihi kabisa, lakini siku hiyo yote yalionekana ya mashaka. Tangu hapo, wiki ya kukabidhi taarifa ni wiki ya kupiga simu kwa kila mtu aliyemo kwenye daftari.

Ridhaa nayo. Taarifa za asasi huwekwa hadharani kwenye tovuti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Mwandishi wa kujitegemea wa wilayani anayelipwa kwa stori hana mhariri wa kumkingia kifua. Akitajwa, atakayeitwa ofisini kesho yake ni yeye. Muulize, mweleze jina litakwenda wapi, na akisita andika "mwandishi wa redio ya jamii, Kanda ya Ziwa". Masuala ambayo tayari dunia inayajua, kama kutoweka kwa mwandishi Azory Gwanda huko Kibiti Novemba 2017, unaweza kuyataja kwa jina. Hata hivyo ongea na familia kwanza.

Usichanganye pia kero na ukiukwaji. Mwandishi kunyimwa nafasi kwenye mkutano wa waandishi kwa sababu viti vimejaa ni kero. Kunyang'anywa kamera na kulazwa rumande ni jambo jingine. Daftari lenye vyote viwili humfanya msomaji adhani vyote ni vya kwanza.

Hatua ya 3: Tafuta msumari uliokwisha kupigwa

Mwanadiplomasia hapendi kuonekana anaitungia nchi nyingine sheria. Mpe kitu ambacho mahakama au mkataba uliokubaliwa na nchi yenyewe umeshakisema. Kwa Tanzania upo uamuzi wa Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, wa tarehe 28 Machi 2019, katika shauri lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania na wenzake. Mahakama ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwemo vya kashfa kama jinai, uchochezi, taarifa za uongo na mamlaka ya waziri kuzuia machapisho, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Bunge lilifanya marekebisho mwaka 2023. Kwa hiyo kaa na sheria ilivyo leo, kifungu kwa kifungu, uone kipi kimeondoka na kipi kimepunguziwa adhabu tu. Angalia na namba za vifungu kwenye toleo jipya la sheria, zisije zikakuumbua.

Kenya msumari ni wa ndani: Katiba, ibara ya 33 na 34, pamoja na hukumu ya Februari 2017 ya Mahakama Kuu iliyoondoa kashfa kwenye makosa ya jinai. Kwa bara zima lipo Azimio la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu la 2019 kuhusu uhuru wa kujieleza na upatikanaji wa taarifa.

Halafu Zanzibar. Habari si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria yake ya usajili wa magazeti, Na. 5 ya 1988. Nimesoma taarifa nyingi za "Tanzania" ambazo zinaishia Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam. Kama pendekezo halitaji Zanzibar, serikali inaweza kulitekeleza lote Bara na mwandishi wa Unguja asione tofauti yoyote.

Hatua ya 4: Andika sentensi

Kipimo changu ni hiki: baada ya miaka minne, mtu asiyekujua aweze kujibu ndiyo au hapana.

"Kuimarisha uhuru wa vyombo vya habari" haipimiki. Serikali itaikubali kwa furaha, na kwenye ripoti ijayo itaandika kwamba imefanya semina. Linganisha na hii:

"Ifute vifungu vya uchochezi katika Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, kwa kuzingatia uamuzi wa Mahakama ya Afrika Mashariki wa Machi 2019, na iifanyie mapitio Sheria Na. 5 ya 1988 ya Zanzibar."

Angalia vitenzi. "Kuendelea" kunasema kazi tayari inafanyika. "Kutafakari" kutatimizwa na mtu mmoja aliyekaa ofisini akitafakari. "Kufuta", "kurekebisha", "kuchunguza na kutangaza matokeo" ndivyo vyenye meno. Lakini vitenzi vyenye meno hukataliwa zaidi. Kwa lugha ya Geneva nchi haisemi "nakataa", husema "nimelizingatia". Ndiyo maana huwa naandaa sentensi tatu: moja kali, moja ya wastani, moja ya utaratibu tu, mfano kumwalika nchini mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa wa uhuru wa maoni. Kila moja naipeleka kwa nchi tofauti.

Hatua ya 5: Peleka taarifa

Kikomo ni maneno 2,815 kwa asasi moja na 5,630 kwa taarifa ya pamoja. Kiswahili hakimo kwenye lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, kwa hiyo tafuta mfasiri anayejua tofauti ya kashfa na uchochezi. Ungana na wengine, maana taarifa zote za asasi hufupishwa kuwa waraka mmoja wa kurasa kumi, na jambo lililosemwa na asasi nane pamoja halipotei kirahisi humo.

Hatua ya 6: Chagua wa kumwendea

Wengi hukimbilia balozi zilezile za Ulaya na Marekani. Waende, ni kweli wana watu wa kazi hiyo. Ila pendekezo kutoka kwao hujibiwa haraka kwamba ni la wakoloni. Mimi huanza na nchi ambazo zimeshaipita njia hiyo zenyewe. Ghana iliifuta kashfa ya jinai mwaka 2001. Sierra Leone ilifanya hivyo 2020. Namibia ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa Azimio la Windhoek la 1991, ambalo ndilo chanzo cha kuadhimisha 3 Mei, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani. Mwakilishi wa Ghana akisema "sisi tulifuta na nchi haikuanguka", hapo hakuna wa kumwita mkoloni.

Nchi isiyo na ubalozi Dar iandikie ujumbe wake wa Geneva moja kwa moja. Shirika la UPR Info huandaa pia vikao vya awali Geneva, takriban mwezi mmoja kabla, ambapo asasi huongea na wanadiplomasia wa nchi nyingi kwa mpigo.

Hatua ya 7: Dakika ishirini za kikao

Nenda na ukurasa mmoja. Juu, sentensi. Katikati, matukio mawili. Chini, ile hukumu. Nendeni wawili, mmoja aongee na mwingine aandike. Hivi ndivyo mimi huanza:

"Mheshimiwa, tunashukuru kwa nafasi. Tuna jambo moja na ombi moja. Nchi yako ilipendekeza mwaka 2021 kwamba... Hiki ndicho kilichofanyika, na hiki hakijafanyika. Tunaomba safari hii mseme hivi."

Kumkumbusha pendekezo la nchi yake mwenyewe ndiko kunakofungua mlango. Linapatikana, ripoti za vikao vilivyopita ziko wazi. Kulitafuta ni kazi ya nusu saa. Usiombe ufadhili kwenye kikao hichohicho. Nimeona wenzangu wakimaliza hoja nzuri kisha wakatoa bajeti ya mradi mezani, na yule afisa akaweka kalamu chini.

Akikuambia "hili tutalisema faraghani badala ya hadharani", usikasirike haraka. Muulize kwa nani na lini, uandike.

Hatua ya 8: Serikali yako nayo

Wizara ya Katiba na Sheria ndiyo inayoratibu ripoti ya Tanzania. Hudhuria vikao vyake vya maoni hata kama unajua ukurasa wako utakatwa. Wapelekee nakala ya taarifa yako. Wakisikia sentensi yako kwa mara ya kwanza ikisomwa na nchi ya kigeni, mlango wa wizarani utafungwa kwa miaka, na mtekelezaji ni wao, si Geneva. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupeleka taarifa yake. Kifungu chako kikiingia humo, kimepata mzungumzaji wa pili.

Hatua ya 9: Siku yenyewe na baada yake

Kikao hurushwa mubashara. Kaeni pamoja na daftari mkahesabu nani kasema nini. Jibu la mwisho la serikali hutolewa kabla Baraza la Haki za Binadamu halijaipitisha ripoti, miezi michache baadaye. Mpaka hapo bado mnaweza kuwasukuma waongeze "tumekubali".

Pendekezo la UPR halimfungi mtu kisheria. Kama gazeti limefungiwa leo, usisubiri zamu ya nchi. Mlango wa Mahakama ya Afrika Mashariki upo, ila shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili, na mahakama hiyo haina mzaha na muda huo.

Na jambo dogo ambalo hunisumbua kila mzunguko: maafisa wa balozi huhama kila baada ya miaka mitatu hivi. Yule aliyekuelewa hatakuwepo kwenye mapitio yajayo. Wiki inayofuata baada ya kikao, mwandikie barua ya shukrani yenye ile sentensi, jibu la serikali na namba yako ya simu, umwombe aiweke kwenye faili la ofisi.