Kupasha sampuli kwa leza kati ya almasi: chumvi kwanza

Ili kuiga hali ya ndani ya dunia, tunaibana sampuli ndogo ya madini kati ya ncha za almasi mbili, tunaipasha kwa leza, kisha tunaipima kwa eksirei kali za sinkrotroni, mashine kubwa inayozungusha elektroni. Afrika bado haina mashine hiyo. Sisi wa Malindi tunaandaa sampuli hapa, vipimo vinafanyika ng'ambo, kwa mfano kwenye sinkrotroni ya ESRF kule Grenoble, Ufaransa. Ukifika huko na sampuli mbovu, leza haitakuokoa.

1. Gasketi, yaani kibati chenye tundu la kushikia sampuli. Tumia metali ya reniamu. Ibane kati ya almasi mbili mpaka ibaki na unene wa mikroni 40 hivi, kisha itoboe katikati. Almasi yenye ncha ya mikroni 300 inatoshwa na tundu la mikroni 100.

2. Chumvi. Hapa wengi wanalipua kazi. Almasi hupitisha joto vizuri kuliko shaba. Sampuli ikiigusa, joto lote linakimbilia huko na leza unaongeza bure. Kwa hiyo ilaze sampuli katikati ya tabaka mbili nyembamba za kloridi ya potasiamu au ya sodiamu. Najua Gongoni hapo jirani pana mashamba ya chumvi, lakini usichote huko, wala usitumie ya dukani iliyotiwa iodini. Nunua ya maabara. Sasa hii hewa yetu: chumvi ukiiacha mezani msimu wa masika, inalowa. Ikaushe kwenye oveni, nyuzi 120, usiku kucha. Ipakie ingali na joto, kisha rudisha seli nzima (kifaa kinachoshika almasi na sampuli) ovenini kabla ya kuifunga. Unyevu ukibaki, kwenye Kelvini 2,000 haidrojeni ya maji huingia ndani ya chuma, nawe utatangaza siri za kiini cha dunia, kumbe ni mvuke wa Malindi.

3. Shinikizo. Tia punje ya rubi, kito chekundu cha kupimia shinikizo, pembeni, mbali na njia ya leza. Mwanga wake mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 694, husogea kadiri unavyokaza. Ukitaka hali ya kilomita 660 chini, inakoanzia brijimaniti (madini ya kina cha dunia), lenga gigapaskali 24.

4. Leza. Vaa miwani ya kinga kwanza. Miale hii haionekani. Madini yenye chuma yanapata joto kwa leza ya mikroni 1.07, ipigwe pande zote mbili. Yasiyo na chuma huipitisha tu, hayo yanataka leza ya kabonidioksidi. Panda polepole. Joto lisome kwenye mwanga wa sampuli yenyewe kwa kanuni ya Planck, inayohusisha mwanga wa kitu na joto lake, na doa la leza lilale juu ya doa la eksirei.

5. Spektra, yaani mchoro wa jinsi sampuli inavyonyonya eksirei. Ukingo wa chuma, yaani nishati ambapo chuma huanza kuzinyonya kwa wingi, uko kiloelektronivolti 7.112. Ukiona miruko ya ajabu kwenye mchoro, geuza seli kidogo: ikihama, ni ya almasi, si ya madini. Rekodi kabla, wakati na baada ya kupasha, kisha soma rubi tena, maana joto huacha shinikizo limebadilika.