Sauti ya "ziwa linafungwa" imeingia kundini: ikague hivi kabla ya kuisambaza

Nasimamia kundi la WhatsApp la wachuuzi wa dagaa na migebuka hapa Kibirizi, Kigoma. Tangu Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, neno "kufungwa" likitajwa tu kundini, watu wanaanza kuficha mzigo. Basi tuchukue mfano huo: umepokea sauti ya dakika moja, anayesikika ni kama kiongozi, anasema ziwa linafungwa wiki ijayo.

Hatua ya 1: Andika dai kwa sentensi moja. Nani kasema, kasema nini, lini, wapi. Ukikosa "lini", simama hapo hapo. Siku hizi kila mtu anakimbilia kuuliza kama sauti imetengenezwa na akili bandia. Kwangu hilo ni swali la pili. Tangazo halisi la 2024 likirushwa tena leo bila tarehe ni sauti ya kweli kabisa, mwenyewe ndiye aliyesema, na bado litakufanya ununue dagaa kwa bei ya woga.

Hatua ya 2: Tazama mishale. Mishale miwili juu ya ujumbe inaonyesha kuwa umeshasambazwa mara nyingi kabla ya kukufikia. Hilo halithibitishi uongo, ila aliyekutumia huenda hajui ulikoanzia. Muulize kwa heshima: "Shikamoo mama, hii umeipata kwa nani?" Mara nyingi mnyororo unakatikia kwa mtu wa pili.

Hatua ya 3: Sikio lisiwe hakimu. Programu za kuiga sauti zinatosheka na kipande kifupi cha mtu akiongea, na hotuba za viongozi zimejaa mtandaoni. Pumzi, lafudhi, hata kukohoa, vyote vinaigika. Ushahidi utafute nje ya sauti yenyewe. Ziwa halifungwi kwa sauti ya WhatsApp: kunakuwa na tangazo la Wizara ya Mifugo na Uvuvi, redio zinalisoma, na BMU ya mwalo wako, yaani kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, inajua. Mpigie afisa uvuvi au mwenyekiti wa BMU kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Namba iliyokuja pamoja na ujumbe usiiguse. Kisha waulize wenzetu wa Rumonge, Burundi, au Kalemie, Kongo, maana mwaka 2024 Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilikubaliana kufunga kwa pamoja. Ukisikia ziwa linafungwa na ng'ambo hawana habari, tia shaka.

Hatua ya 4: Kama ni picha, ipitishe Google Lens au TinEye uone ilishatumika wapi. Video ipige skrinishoti kwanza. Ule ushauri wa kuhesabu vidole umepitwa na wakati, picha za sasa zina vidole vitano safi.

Hatua ya 5: Usiifanye ChatGPT, ile programu ya akili bandia, kuwa shahidi. Hapa vijana wangu wananibishia, kwa hiyo nawapa zoezi. Iulize kuhusu MV Liemba, meli kongwe ya ziwa letu. Mengi yameandikwa: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikainuliwa 1924. Huenda ikajibu vizuri. Sasa iulize bei ya ndoo ya dagaa Kibirizi jana. Wakati mwingine itakiri haijui. Wakati mwingine itakutajia bei kwa uhakika ule ule iliokuwa nao kuhusu Liemba. Programu hizi hutunga jibu kwa kukadiria neno linalofuata, na habari za mwalo wetu zilizoandikwa kwa Kiswahili ni chache mno.

Angalia pia unavyouliza. Ukisema "Kwa nini ziwa linafungwa wiki ijayo?", umeshaipa jibu, nayo inaweza kukupangia sababu nzuri nzuri za mazalia ya samaki. Uliza hivi: "Kuna tangazo gani rasmi, la tarehe gani, liko wapi?" Halafu fungua kiungo mwenyewe usome. Mwaka 2023 mawakili wawili New York walitozwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao baada ya kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Nao walikuwa wamesoma sheria!

Hatua ya 6: Sahihisha. Anza na lililo kweli, taja uliyemuuliza na saa, usiirushe sauti upya. Mfano:

"Uvuvi unaendelea. Nimeongea na afisa uvuvi leo saa nne asubuhi, hakuna tangazo la kufunga. Sauti inayozunguka haina tarehe."

Kama hujathibitisha, andika hivyo hivyo kwamba bado. Aliyeileta usimtaje mbele za watu. Mfuate pembeni, mkumbushe kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu kuhusu taarifa za uongo. Kisha ifute ile sauti. Msimamizi wa kundi anaweza kufuta ujumbe wa mwanakikundi yeyote usionekane kwa wote.