Njaa ya saa nne asubuhi: jinsi ya kupanga protini ili ubongo ukuachie ufanye kazi

Wadau, asubuhi ya wengi hapa Dodoma ni chai ya rangi na maandazi mawili, basi. Ikifika saa nne ofisini unaanza kumtafuta mwenye sambusa, saa sita soda, saa saba ugali mlima, afu jioni mtu anajilaumu eti hana nidhamu ya mdomo. Nidhamu sio ishu kubwa hapo. Njaa inaamuliwa kichwani, na kichwa kinaamua kwa taarifa kinazoletewa na utumbo, na kwenye kushibisha protini ndo inasikika kuliko wanga na mafuta.

Inakuwaje: ukila protini, utumbo unamwaga homoni za shibe, kuna GLP-1, kuna PYY, kuna kolesistokinini, na ile ya njaa inayotoka tumboni inayoitwa grelini inashuka. Taarifa zinapanda kwa damu na kwa neva ya vagasi mpaka shina la ubongo, zinaishia haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia njaa, ambako kuna seli za "kula" na seli za "imetosha". Wale wanaosikia habari za sindano za Ozempic, zile za kisukari ambazo wengine wanazitumia kupunguza uzito, ile dawa inaiga hiyohiyo GLP-1, ila usidanganyike kwamba mayai ni Ozempic, maana GLP-1 ya mwilini inavunjwa ndani ya dakika chache tu wakati dawa yenyewe inakaa siku nyingi. Mayai yatakufikisha mchana, hayatakumalizia kitambi kwa mwezi.

Kitu cha kwanza basi ni kurekebisha asubuhi, na sio lazima hela nyingi. Mayai mawili ya kuchemsha ya wale vijana wa stendi na kachumbari yake, hapo una kama gramu 12 za protini. Au chapati moja na maharage badala ya chapati tatu na chai. Au uji wa uwele uliotiwa maziwa na karanga za kusaga. Hapa niseme kitu kuhusu unga wa lishe, geuza pakiti usome, ukikuta mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, afu soya imetajwa mwishoooni kabisa, huo ni wanga umevaa suti, mpe mtoto ila usihesabu kama protini.

Mchana ndo penye kazi kwa sababu sisi ugali hatuachi, na wala sikwambii uache. Kuna utafiti ulifanyika Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani, ulitoka mwaka 2005, watu walipandishiwa protini kutoka asilimia 15 ya kalori hadi 30, wanga ukabaki asilimia 50 vilevile, kilichopunguzwa ni mafuta, afu wakaambiwa kuleni mpaka mshibe. Wenyewe tu wakajikuta wanakula pungufu ya kalori 441 kwa siku, na ndani ya wiki 12 wakapungua wastani wa karibu kilo 5, bila mtu kukatazwa sahani. Kwa hiyo ukifika kwa mama ntilie sema tu "mama nipunguzie ugali uniongezee maharage", wengi watakuwekea upawa wa pili bila neno, tena anza na hayo maharage na mboga, ugali ufuate, kula taratibu maana zile taarifa zinachukua kama dakika 20 kufika vizuri.

Mlenda nao tuuzungumze. Unateleza, unajaza tumbo, na ugali wa uwele ni mtamu balaa, lakini majani peke yake hayana protini ya maana. Mlenda uliowekewa karanga za kutwanga ni habari nyingine, na ukiweka pembeni kunde au choroko au dagaa umemaliza. Nafaka zina upungufu wa lisini (moja ya vipande vinavyojenga protini), jamii ya kunde inayo ya kutosha, kwa hiyo mtama na kunde vinazibiana pengo na ndo maana bibi zetu huku Ugogoni wala hawakuhitaji mtu wa lishe kuwaambia. Njugu mawe ziloweke usiku kucha kwanza, zinaiva haraka na kuni au gesi inapona. Karanga zichambue moja moja, iliyosinyaa au yenye ukungu tupa, usimpe hata kuku, sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, imeshaua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 na ile ilikuwa kwenye mahindi, karanga nazo zinashika.

Kiasi je? Mtu mzima anahitaji angalau gramu 0.83 za protini kwa siku kwa kila kilo ya mwili, yaani mwenye kilo 70 ni kama 58. Mayai mawili 12, bakuli la maharage kama 17, glasi ya maziwa 8, dagaa wakavu gramu 30 wanakupa karibu 18, tayari uko 55, hujagusa nyama ya mnada wa Msalato. Wazee wasogee hadi gramu 1 au 1.2 kwa kilo kwa sababu misuli inaisha.

Upande wa kuchoma kalori protini pia inasaidia kidogo. Katika kila kalori 100 za protini mwili unatumia 20 hadi 30 kuisaga na kuipanga tu, wanga 5 hadi 10, mafuta hayazidi 3. Na protini ikiwa ndogo mno ini linatoa homoni inaitwa FGF21 inayokwenda ubongoni, kwa panya imeonekana inawafanya watafute chakula chenye protini. Watafiti Simpson na Raubenheimer waliandika mwaka 2005 kwamba mwili unahesabu protini kwanza, kwa hiyo ukiupa chipsi kavu na soda utaendelea kudai chakula mpaka hesabu yake itimie, wakati kalori umeshazidisha zamani. Mimi naona hiyo inaeleza vizuri sana njaa ya mtu aliyetoka kula chipsi nusu saa iliyopita.

Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe protini bila daktari wake. Na anayetumia insulini au vidonge vya sukari, akipunguza ugali ghafla sukari inaweza kushuka, apime mara nyingi zaidi wiki hizo za mwanzo na aende kliniki wamuangalizie dozi.